Mji Alioutaka Ghaniya

Khelef hakuwa mtu wa kupekua. Hayo aliyasema mwenyewe, na aliyasema mara nyingi mno kwa mtu asiyepekua. Lakini mke anayekwenda soko la Nizwa kila Jumanne na kurudi mikono mitupu, hata fungu la vitunguu hana, mumewe afanyeje? Afumbe macho?

Walikuwa wakikaa Samail, nyuma ya nyumba mitende, mbele yake barabara ya Maskati. Khelef alikuwa mstaafu, aliyetumikia wizara akiwa mfasiri wa Kiingereza. Ghaniya, mkewe, alikuwa fundi wa kushona kofia, mtu wa maneno machache. Pamoja nao alikaa Wiam, mjukuu wao, binti wa mwanao Khalifa, aliyekuja kwa babu na bibi ili awe karibu na chuo chake huko Nizwa. Wiam ndiye mwenye gari. Kila Jumanne bibi yake alipanda mbele, akaaga kwamba anakwenda kuzunguka sokoni mpaka mtoto amalize masomo.

"Umenunua nini?" Khelef humwuliza akirudi.

"Sikuzipenda bei."

Kila Jumanne bei hazipendezi! Hata hivyo Khelef angelimeza hilo, kama si mambo ya chumba cha cherehani.

Chumba hicho kidogo siku zote kilikuwa wazi, mtu akipita anamwona Ghaniya na sindano yake. Tangu baridi ilipoingia, baada ya Magharibi mlango ulifungwa, na nyuma yake ikatoka sauti ya kunong'ona. Khelef akavua viatu, akajongea, akalaza shavu lake kwenye mbao.

Masikio yale, ujue, yalikuwa masikio ya mtu mwenye kujua lugha. Kiingereza alikianzia Unguja kwa walimu wenye fimbo, akakileta Oman wakati nchi ilikuwa ikimtafuta kwa taa kila anayeweza kukiandika. Kwa Kiingereza alipanda cheo, kwa Kiingereza alijenga nyumba, na kwa Kiingereza aliwaudhi watu. Alimsahihisha daktari huku daktari anampima moyo. Aliwasahihisha wajukuu, alivisahihisha vibao vya barabarani, alimsahihisha hata mtangazaji wa televisheni aliye London, ambaye hakumsikia.

Mkewe alimsahihisha mara moja tu. Ilikuwa Maskati, mwaka wao wa kwanza, nyumba imejaa wageni. Ghaniya alimkaribisha mke wa mkubwa wa mumewe kwa sentensi moja ya Kiingereza aliyoifanyia mazoezi mchana kutwa jikoni. Khelef akaicheka, akairudia vile ilivyopaswa kuwa, na wageni nao wakacheka, kwa adabu. Tangu siku ile Ghaniya hakulitamka tena neno la Kiingereza mbele yake. Khelef alidhani kimemshinda, na kisa chenyewe alikwishakisahau.

Sasa masikio hayo yakasikiliza, yakashindwa. Hayakuwa maneno ya Kiswahili, wala Kiarabu, wala Kiingereza. Yalikuwa maneno mazito, yenye kh ya kooni, yakienda kwa mdundo kama mtu anayetwanga: pigo, pigo, kimya, pigo, pigo, kimya. Ghaniya aliyasema, akayarudia, akayarudia tena. Kisha akakohoa, na Khelef akaruka kurudi mbele ya televisheni kama paka aliyemwagiwa maji.

Akaenda kumweleza Hashil, rafiki yake wa kahawa. Lilikuwa kosa, kwani Hashil ni mtu wa kuongeza kuni penye moto.

"Maneno yasiyojulikana," alisema Hashil, akaweka kikombe chini. "Anayarudia. Na ni baada ya Magharibi. Yakhe, ile barabara ya Nizwa, ukiifuata mbele inakufikisha wapi?"

"Bahla," alisema Khelef.

"Mimi sikusema kitu. Umesema wewe."

Bahla ni mji wa wafinyanzi na wakulima wa tende, watu watulivu wanaolala mapema. Lakini majirani hawakosi la kumsema jirani, na hadithi za uchawi wa Bahla watoto wa nchi hiyo hunyweshwa pamoja na maziwa. Hashil mwenyewe ameoa huko, na mpaka leo wakwe zake hawajarusha hata mtungi mmoja hewani. Hilo hakulitaja.

"Lisemwalo lipo," alisema. "Na nyumba njema si mlango, Khelef. Ingia ndani utazame."

Basi Khelef akaanza kuutazama ubwabwa wake kabla ya kuula. Akaanza kuinusa chai. Akipewa kofia mpya huipindua, akaikagua mshono kwa mshono, kama kuna kitu kimeshonewa ndani. Ghaniya alimtazama akifanya hayo yote, akaendelea kushona.

Akamjaribu Wiam. "Bibi yako huko Nizwa anakwenda wapi hasa?"

"Bibi anapenda tu soko yake, babu," alisema Wiam, macho kwenye simu.

"Soko lake."

"Aywa, babu. Soko lake."

Mpaka Khelef anakumbuka kwamba swali lake halikujibiwa, msichana alikwishafika jikoni.

Jumatatu moja jambo likawa baya zaidi. Shavu liko mlangoni kama kawaida, mara ndani ikasikika sauti ya mwanamume. Ilitoka kwenye simu, sauti ya kijana, ya mtu aliyeshiba na aliyeridhika. Ikasema neno moja la lugha ile nzito, Ghaniya akalirudia. Sauti ikasema kwa Kiswahili safi: "Vizuri sana, mama. Tena, polepole." Na Ghaniya akacheka.

Kicheko kile ndicho kilichomuua Khelef. Si cha kuchekea wageni. Kilikuwa kicheko cha tumboni, cha msichana, na Khelef hakukumbuka mara ya mwisho kukisikia. Wivu ukampanda mpaka masikioni. Hapo shaka zake mbili, ya mganga na ya mwanamume, zilizokuwa zikigombana kichwani siku zote, zikapatana: mganga ndiye mwanamume. Kijana, tena. Kikulacho ki nguoni mwako.

Akaingia chumbani kwake, akafunga mlango, akampigia simu Saud, kaka yake Ghaniya, aliyekuwa akikaa Sur.

"Saud, nisikilize. Kesho namfuata dada yako Nizwa. Nikimkuta na jambo, wallahi hiyo hiyo kesho yuko kwenu, na nyumbani kwangu harudi tena. Khalas. Nimemaliza."

Saud alikuwa akitazama mpira kwenye televisheni. "Sur? Mlete, mlete," alisema. "Chumba kipo. Tumemkosa siku nyingi."

Khelef akakata simu kwa hasira, akalala akiwa ameapa. Na mtu mkaidi akishaapa, hata jua likimwambia arudi nyuma, hujibizana nalo.

Asubuhi ile Ghaniya alimwandalia chai na mandazi kama siku zote. Alipotoka, Khelef aliona begi lake. Si kale kadogo ka siku zote. Hili lilikuwa kubwa, la safari, na alilibeba kwa mikono miwili. Anampelekea nini huyo mtu?

Hashil alikuwa tayari na pikapu lake. Wakaliandama gari jeupe la Wiam, wakiacha magari mawili matatu katikati, kama Hashil alivyoona kwenye filamu. Walipokaribia Nizwa, Hashil akawa anaomba kimoyomoyo gari liendelee mbele mpaka Bahla, apate kusema kwamba alisema. Halikuendelea. Wala halikuingia sokoni. Liliingia langoni mwa chuo.

Ghaniya akashuka na begi lake. Akapita katikati ya wasichana wenye vitabu, wawili wakamwamkia, akawajibu kama mtu aliyezoea. Akaingia jengoni pamoja na Wiam.

"Nenda," alisema Hashil. "Mimi nabaki garini. Nina presha."

Khelef akapanda ngazi, akafuata ukumbi mrefu, akasikiliza kila mlango. Kwenye ule wa mwisho akasimama. Ilikuwa sauti ya yule kijana. Akalaza shavu.

Kijana alikuwa akisema kwa Kiarabu na Kiingereza, lakini Kiingereza cha kawaida, na Khelef kwa mazoea akamtafutia kosa, asilipate. Alikuwa akiwasimulia wanafunzi habari za Waingereza wa zaidi ya miaka elfu iliyopita. Namna wazee wao walivyovuka bahari wakaja kisiwani na lugha yao ya mdomoni. Namna mashairi yao yalivyokuwa hayana vina vya mwisho kama yetu. Wao waliyafunga maneno kwa sauti za mwanzo, pigo kwa pigo, ili mwimbaji asisahau. Namna mapadri walivyoleta herufi za Kilatini, na nyimbo za ukumbini zikaanza kuandikwa kwenye ngozi. Maharamia wa kaskazini wakachoma nyumba za watawa, elimu ikafifia, na mfalme mmoja akaamuru vitabu vitiwe katika lugha ya nyumbani, ile iliyodharauliwa, watu wapate kusoma.

"Baadaye wakatawaliwa na mabwana waliosema Kifaransa," ilisema sauti. "Kiingereza kikatolewa barazani. Kikaenda wapi?"

"Jikoni," alijibu mwanamke, na Khelef aliijua sauti ile kama anavyoijua adhana ya msikiti wake. "Kikabaki jikoni na shambani, kama Kiswahili chetu hapa. Kikangoja."

Wanafunzi wakacheka, lakini si kwa kumcheka. Kisha Ghaniya akaanza kusema yale maneno mazito ya chumba cha cherehani, pigo, pigo, kimya. Khelef akaegemea zaidi ili asikie. Mlango ule haukuwa umefungwa sawasawa. Ukafunguka, na Khelef akaingia darasani shavu mbele.

Kilemba kikaanguka. Darasa zima likageuka. Mbele, karibu na ubao, alisimama Ghaniya na karatasi mkononi, na kando yake kijana mwembamba mwenye miwani.

"Shikamoo, mzee," alisema kijana, akaja kumwokotea kilemba. "Karibu sana. Mimi naitwa Laith, ndiye mwalimu. Mama yangu wa Pemba, ndiyo maana tunasikilizana na mama huyu. Umekuja kusikiliza vitendawili?"

Khelef alitaka kusema marahaba, kikatoka kikohozi. Wiam, mstari wa pili, alikuwa amejifunika uso kwa daftari. Mwalimu akamketisha kiti cha mbele, akamweleza: Waingereza wale wa kale walipenda kutegana vitendawili, na katika vitendawili vyao mara nyingi kitu chenyewe ndicho husema, kikajisifu, kikalalamika, kisha kikauliza mimi ni nani. Leo kila mmoja ametunga chake kwa lugha ile ya kale.

"Na tuna sheria ya Unguja, aliyotuletea mama. Anayeshindwa anatoa mji. Wanafunzi wangu wamekaribia kumaliza miji yote ya Oman."

Ghaniya alikuwa bado amesimama. Alimtazama mumewe, akaitazama karatasi yake, akaikunja, kwa kuwa aliijua kwa moyo. Akasema kwanza kwa lugha ya kale, mpaka mwisho, bila kukwama. Kisha akafasiri, kwa Kiarabu kwa ajili ya darasa, na kwa Kiswahili kwa ajili ya mtu mmoja.

"Nasimama kutwa, silali. Mzee mmoja ananipenda jioni. Hunilazia shavu lake, hunipumulia, haniambii neno. Mkewe akikohoa, hunikimbia. Asubuhi hunipita kama hanijui. Mimi ni nani?"

"Mto wa kulalia!" alisema msichana mmoja.

"Mto hausimami."

"Simu!"

"Simu huambiwa maneno."

Wakakisia wakachoka. Khelef alikuwa anatoka jasho, na ilikuwa baridi. Jibu alikuwa nalo, limemkaa mdomoni kama kaa la moto. Lakini akilitoa, wataulizana mzee amejuaje. Na asipolitoa, atatoa mji, yeye Khelef, ambaye utotoni Unguja aliwahi kupigana kwenye mkeka kuliko kumpa mtu mji.

"Labda mzee wetu anajua," alisema Ghaniya taratibu.

"Sijui," alisema Khelef. Lilikuwa neno ambalo darasa hilo halikujua uzito wake. Wiam aliteremsha daftari.

"Basi nipe mji."

"Chukua Ibra." Akampa mji wa babu zake, mzuri kuliko yote aliyokuwa nayo.

"Siutaki. Ibra kwenu."

"Chukua Maskati."

"Maskati nilipata kusema sentensi moja," alisema Ghaniya, "nikachekwa. Siutaki."

Sebule ile ikamrudia Khelef yote, vikombe, wageni, mke wa mkubwa wake, na uso wa msichana aliyekuwa amefanya mazoezi mchana kutwa. Alikuwa amesahau kabisa. Yeye alikuwa amesahau, na mwenzake amelala na jambo lile miaka yote ubavuni pake. Aliona haya mpaka akatamani sakafu ifunguke kama mlango ulivyofunguka.

"Mpe Sur, mzee!" alisema mwanafunzi mmoja nyuma, aliyekuwa mwenyeji wa huko. "Sur haijatolewa!"

"Sur nimeshapewa," alisema Ghaniya, na hapa alisema kwa Kiswahili peke yake. "Jana baada ya Magharibi. Nilisikia kila neno."

Hapo Khelef ndipo alipoliona begi tena, chini ya kiti kitupu cha mkewe. Zipu haikufunga vizuri. Upindo wa kanga ulikuwa umetokeza, na kibweta chake cha udi, ambacho mwanamke hakihamishi kwa safari ya kwenda na kurudi. Hakuwa anampelekea mtu kitu. Alikuwa amefunga vitu vyake mwenyewe, kwa mikono yake, ili asingoje kurudishwa. Kuna mabasi ya Sur, na kaka yake amesema chumba kipo.

Tangu alipoanza kushuku, Khelef aliogopa kwamba mwanamke huyu ataibiwa na mtu. Hakuwahi kufikiri kwamba angeweza kuondoka tu. Hofu iliyomshika sasa haikuwa na mganga wala kijana ndani yake, na ilikuwa kubwa kuliko zile mbili.

Akasimama. Darasa lilidhani ni adabu ya mchezo.

"Chukua Nizwa," alisema. "Nizwa yote, Mama Khalifa. Jumanne zake na siku zake zote. Na anayekuchukua huko na kukurudisha niwe mimi, ukinikubali."

Watoto wa watu wakangoja, kalamu mkononi, wakidhani anafikiri namna ya kumalizia. Alimtazama mumewe kwa muda, kama anavyoitazama kofia aliyoishona vibaya mahali, akapima kama aifumue au aiache.

"Nimeupokea," alisema. "Nilikwenda Nizwa, nikakaribishwa, nikapewa kiti. Nikasema na hapana aliyenicheka. Wakaniuliza jibu, nikawaambia: ni mlango."

Wanafunzi wakapiga makofi, wakaandika. Hapana aliyeuliza mlango gani. Laith alimtazama mzee aliyeingia kwa shavu, akaona vyema kuyafuta maandishi ya ubaoni.

Nje, Khelef alilibeba lile begi. Lilikuwa zito, na uzito wake ulimwambia mengi.

"Unanibebea wapi?" aliuliza Ghaniya.

"Nyumbani. Ukitaka."

Ghaniya akatembea hatua kadhaa. "Wiam aliniambia kuna Kiingereza ambacho hata Waingereza wenyewe hawakisikii mpaka wafundishwe," alisema mwisho. "Nikamwuliza, hata babu yako? Akasema, hata babu. Nilitaka kimoja tu, Baba Khalifa. Kimoja tu usichokijua wewe."

Khelef akalishika begi kwa mikono miwili, kama mkewe alivyolibeba asubuhi. Hashil, aliyewaona wakija pamoja na begi katikati, aliteremsha kioo kuuliza, akakipandisha tena.

Jioni ile, baada ya Magharibi, mlango wa chumba cha cherehani ulikuwa wazi. Begi lilikuwa sakafuni, halijafunguliwa bado. Khelef alisimama kizingitini, akagonga mlango ulio wazi, akaingia na kiti chake.

"Nifundishe lile la kwanza," alisema.

Ghaniya akalisema neno moja, polepole. Khelef akalirudia kwa sauti ya mfasiri wa wizara, kifua mbele.

"Siyo," alisema Ghaniya. Hakucheka. "Sema tena."

Akasema tena.

"Siyo. Tena."

Akasema tena, sasa kwa sauti ndogo. Ghaniya akainama, akavuta begi, akafungua zipu, akatoa kibweta cha udi na kukirudisha rafuni.

"Tena," alisema.